Ada Iliyolala Kwenye Simu

Kila muhula mpya unapokaribia, mabasi na magari ya shuttle ya Arusha huleta Nairobi vijana wa Kitanzania na masanduku yao. Wamevuka Namanga, ambako tangu 2018 maofisa wa uhamiaji wa nchi zote mbili wanahudumia watu kwenye jengo moja, na simu zao tayari zimejaa maonyo ya nyumbani. Usitoe simu karibu na dirisha la matatu. Usipite River Road usiku. Usikae sana kwenye maduka makubwa. Wazazi hawajasahau Westgate, ambako watu 67 waliuawa Septemba 2013, wala shambulio la Riverside Drive la Januari 2019 lililoua watu 21. Yote mawili yalitokea upande wa magharibi wa mji, upande uleule ambako wanafunzi wengi wageni hupanga vyumba, na mpaka leo huingii duka kubwa la Westlands bila kupekuliwa mlangoni.

Maonyo hayo ni ya haki. Lakini kwa muda wote ambao nimewasikiliza wazazi hawa na watoto wao, kuna onyo moja silisikii, nalo lingewaokoa wengi kuliko yote: ada ya chuo isilale kwenye simu ya mwanafunzi, hata usiku mmoja.

Kijana ninayemsimulia hapa nimembebesha mambo yaliyowapata wengi, ndiyo sababu simpi jina, wala sitaji chuo chake. Ni mtoto wa pili wa mama anayeuza dagaa na maharage soko la Kilombero, Arusha. Alimaliza kidato cha sita, akapata nafasi ya kusomea uhasibu Nairobi, na mama akaapa kwamba ataweza. Septemba 2023 akavuka mpaka.

Kwenda Nairobi kusoma si jambo geni kwa watu wa Tanzania. Kati ya 1963 na 1970 nchi zetu tatu zilikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki chenye vyuo vitatu ndani yake. Kijana wa Tanganyika aliyetaka uhandisi au udaktari wa mifugo alipanda kwenda Nairobi, Mkenya aliyetaka sheria alishuka Dar es Salaam, na waliotaka udaktari wa binadamu walielekea Makerere. Wengi wao walisomeshwa na serikali zao. Ada haikupita mikononi mwao. Leo ada ya kijana wetu inatoka kwenye meza ya dagaa. Kuituma kwa benki hadi akaunti ya chuo kuna makato, fomu, na siku za kusubiri. Kuituma kwa M-Pesa kutoka laini ya Tanzania hadi laini ya Safaricom ya mtoto ni dakika mbili, na wakala yuko hatua chache kutoka pale mama anapouzia. Mama akachagua dakika mbili. Nani angemlaumu?

Alipanga bedsita Kangemi, kandokando ya Waiyaki Way, kwa sababu kodi za Kilimani na Kileleshwa zingemeza karo na chakula pamoja. Maji ya bomba yalikuja siku ambazo hakuna aliyezijua, kwa hiyo mitungi mitatu ya manjano ilisimama nyuma ya mlango ikiwa imejaa wakati wote. Umeme ulikuwa wa tokeni. Asubuhi chai na mandazi, mchana chapati kwa madondo kwenye kibanda, usiku ugali na sukuma wiki aliyopika mwenyewe kwenye jiko la gesi la mtungi mdogo. Alijifunza haraka kwamba nauli ya matatu haina bei moja: asubuhi ni nyingine, jioni nyingine, na mvua ikianza kunyesha makanga hupandisha palepale mlangoni. Siku za foleni alishuka Westlands akatembea kwa miguu chini ya Expressway, ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, akapita Chiromo na Museum Hill hadi mjini, akafika kabla ya matatu aliyoiacha. Muhula wa kwanza mama alituma ada, naye akaipeleka benki siku ileile na kumpigia picha risiti.

Miezi hiyo ya kwanza alitembea vizuri, na nataka nikae hapo kidogo, maana wapo wazazi wanaodhani dawa ni kumfungia mwanafunzi chumbani wikendi nzima. Si dawa. Mtu aliyekwenda nchi ya watu kusoma asipoijua nchi hiyo, amesoma nusu. Jumamosi yake ya kwanza kijana huyu alishuka Moi Avenue, akalipa kiingilio kidogo cha Kenya National Archives, jengo lililokuwa benki zamani, akatazama mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya: vinyago, nguo, mapambo na stempu kutoka pembe zote za Afrika. Alitoka akavuka hadi sanamu ya Tom Mboya, kisha akaenda kwa miguu mpaka maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, yenye simba wa mawe mbele ya ngazi zake, jirani na Msikiti wa Jamia. Bustani ya Jeevanjee akakuta watu wamesimama duara wakibishana siasa na dini kama vile bunge limehamia pale, akasikiliza saa nzima na akatoka akiijua Kenya kuliko ambavyo miezi miwili ya darasani ingemfundisha.

Jumamosi nyingine alikwenda Arboretum, shamba la miti lililoanzishwa 1907 karibu na State House, amebeba daftari na ndizi, na tumbili wakamnyang'anya ndizi. Alikwenda makumbusho ya Museum Hill akasimama mbele ya mifupa ya yule mtoto wa Turkana iliyofukuliwa 1984 kule Nariokotome, mtoto aliyekufa yapata miaka milioni 1.6 iliyopita. Alipanda 111 kutoka Railways hadi Ngong, wakaenda kikundi na wenzake wa darasa kupanda vilima, wakamchukua na askari wa misitu, kwa sababu kule juu watu wamewahi kuporwa. Jumapili alisali kanisa la Kilutheri la kando ya Uhuru Highway. Weka pamoja nauli, viingilio na chai ya mwezi mzima wa matembezi hayo, na hujafika bei ya mzinga mmoja wa pombe kali mezani Westlands.

Usiku wa Westlands ulimjia Ijumaa moja ya Novemba. Wenzake wanne wa darasani, vijana wazuri, waliomsaidia kuandika kazi zake za kwanza na kumfundisha Sheng ili makanga wasimpunje, walimwambia amekaa Nairobi miezi miwili na bado hajaiona Nairobi. Wakapanda matatu ya 23 yenye taa za zambarau na muziki unaotikisa viti, wakashuka Westlands saa moja jioni. Kula kuku na chipsi. Kiingilio mlangoni kwa mabaunsa. Kisha mtu akasema "tuchange", na kila mmoja akatoa alichokuwa nacho. Ikapungua elfu mbili na kitu.

"Wewe malizia tu, kesho nitakutumia."

Akamalizia. Mwenzake alituma kweli, mia tano, Jumatano. Ijumaa iliyofuata ikapungua tena, na aliyekuwa na salio kwenye simu alikuwa mgeni yule yule, kwa sababu mgeni ndiye aliyetumiwa hela ya mwezi mzima kwa mkupuo mmoja, wakati wenyeji walitumiwa kidogokidogo na wazazi waliojua bei za mji. Hawakumnyonya kwa makusudi. Mgeni anaogopa kuonekana bahili, mwenyeji anaona mgeni anazo, na hakuna anayefungua kinywa. Nimeliona jambo hili kwa Watanzania Nairobi, na kwa Wakenya na Wakongo walioko Dar es Salaam, na sura yake ni hiyo hiyo.

Ilipofika Krismasi, Ijumaa ilikuwa inakula wiki. Jumamosi ya kwenda mjini ikawa ya kulala. Jumapili ya kanisa ikawa ya kufua na kuumwa kichwa. Madondo yakageuka chakula cha kila siku, mchana na usiku, si kwa kuyapenda. Na bado hadi hapo hakuna lililoharibika ambalo haliwezi kurekebishika. Vijana wengi hupita njia hii, wakaishiwa, wakafunga mkanda, wakapona.

Januari 2024 mama alituma ada ya muhula wa pili, shilingi 90,000 za Kenya. Dola moja ya Marekani ilikuwa imepanda hadi karibu shilingi 160 za Kenya, kwa hiyo shilingi ya Kenya ilipatikana kwa takriban 16 za Tanzania; mama alitoa kama milioni moja na laki nne na nusu, akamshukuru Mungu kwa unafuu. Hela iliingia Alhamisi ya tarehe 25. Chuo kilikuwa kimetoa muda hadi mwisho wa Februari. Kijana akajiambia atalipa Jumatatu.

Ijumaa tarehe 26 walikaa meza ya nje. Watu wawili wa meza ya jirani, mwanamke na mwanamume wachangamfu sana, walijiunga nao, wakasifu Kiswahili cha Tanzania, wakaagiza raundi. Kijana alilipa mara tatu usiku ule kwa simu, na kila mara aliandika nambari ya siri chini ya taa, simu imelala mezani, akizungumza. Wenzake wawili waliondoka mapema. Wengine walicheza. Alipokwenda msalani aliacha glasi yake. Nairobi husema mtu "amewekewa mchele" anapotiliwa dawa ya usingizi kwenye kinywaji, na watu wa mji huu hawaachi glasi mezani wakarudi kuinywa. Yeye hakuwa ameambiwa.

Aliamshwa na mlango ukigongwa. "Kijana, muda umeisha, nataka kufanya usafi." Alikuwa kwenye sofa la nyumba ya kupangishwa kwa usiku mmoja, huko Kilimani, peke yake, ulimi mzito, hana simu, hana pochi, hana saa. Mwanamke wa usafi alimpa maji na kumwonyesha njia. Akatembea kwa miguu kupitia Lavington, akashika James Gichuru Road hadi Waiyaki Way, na kufika Kangemi mchana. Elfu tisini zilikuwa zimekwisha hamishwa, pamoja na elfu nne za chakula.

Jumamosi hiyo hiyo, tarehe 27 Januari, wanawake kwa maelfu walikuwa wakiandamana katikati ya Nairobi kupinga mauaji ya wanawake, baada ya mwezi ambao mji ulizizima kwa habari za wasichana waliouawa kwenye nyumba za kupangishwa kwa muda mfupi. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Dada unayesoma Nairobi, jambo hili linakuhusu kuliko linavyomhusu kijana huyu: aliyepelekwa kwenye nyumba ya namna hiyo akiwa hajitambui na akatoka akiwa hai, ameponea chupuchupu. Kijana aliziona habari za maandamano kwenye televisheni ya kibanda, na badala ya kuelewa ukubwa wa lililompata, akaona aibu. Mwanamume ataendaje polisi kusema amelewa, akalevywa, akaibiwa ada ya mama yake?

Hapa ndipo kisa kinapogeuka. Wizi ulimkuta, aliyoyafanya baadaye aliyachagua mwenyewe. Saa ile aliyofika Kangemi, angeazima simu ya jirani na kuipigia kampuni ya simu laini ifungwe na miamala ichunguzwe. Angekwenda kituo cha polisi akaandikishe kisa chake na kupewa nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio ya polisi, ambayo chuo, benki na ubalozi wanaitambua. Angepita hospitali apimwe damu kabla dawa haijatoka mwilini. Jumatatu angeingia ofisi ya mlezi wa wanafunzi na karatasi zake mkononi, na ofisi kama hizo husikiliza maombi ya kulipa ada kwa awamu kila muhula. Pengine asingeirudisha hata shilingi moja. Lakini angebaki mwanafunzi.

Jumatatu alirudisha laini yake kwenye simu ya kuazima. Jioni mama akapiga.

"Umeshalipa, mwanangu?"

"Nimeshalipa, mama."

"Mungu akubariki. Kula vizuri."

Uongo huo wa maneno mawili ulikuwa rahisi, na uliofuata ukawa mgumu zaidi. Laini yake iliyosajiliwa kwa pasipoti haikumpa mkopo wa simu, kwa hiyo mwenzake akamkopea kwa laini yake, Fuliza kwanza, kisha programu nyingine mbili zinazotoza riba kubwa. Hela hiyo haikwenda chuoni. Aliipeleka kwenye ile michezo ya kamari ya simu ambamo kindege kinapaa na namba zinapanda, na unatakiwa utoe kabla hakijatoweka. Alitaka kuifikisha elfu tisini. Mara ya kwanza aligeuza elfu mbili kuwa elfu kumi na moja, na ushindi huo mdogo ndio uliommaliza, kwa sababu tangu siku hiyo aliamini njia ipo. Nawasihi vijana walielewe hili vizuri. Mtu anayecheza kamari kwa ajili ya raha anaweza kuinuka akaondoka. Anayecheza ili azibe pengo alilolificha hawezi kuinuka, kwa sababu akiinuka pengo liko pale pale, na siku ya kusema ukweli imesogea karibu.

Mei hakuruhusiwa kufanya mitihani, maana hakuwa na kadi ya mtihani, na kadi haitoki bila ada. Alikaa Kangemi wiki mbili za mitihani, akitoka asubuhi na mkoba na kurudi jioni ili jirani asiulize. Mama alipotaka matokeo, aliomba picha ya matokeo ya mwenzake akakata sehemu yenye jina.

Septemba 2024 mama alituma tena. Shilingi ya Kenya ilikuwa imepata nguvu. Dola ilikuwa imeshuka hadi kama 129, na ya Tanzania ikawa imedhoofika, kwa hiyo elfu tisini zile zile zilimgharimu karibu milioni moja na laki tisa. Dagaa hawakuweza kuziba pengo hilo. Alikopa kwenye kikoba chake, akaweka rehani mizani na friza. Mtoto akapokea ujumbe wa M-Pesa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akapiga hesabu: chuo kinamdai 180,000, wenzake wanamdai 35,000. Akalipa wenzake, kwa sababu wao anakutana nao kila siku. Zilizobaki hazikutosha kumsajili, na kilichofuata nadhani msomaji amekijua. Kindege kilizichukua kwa siku nne.

Watu husahau kwamba mwanafunzi mgeni anapopoteza usajili hapotezi darasa tu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayofanya kazi tangu Julai 2010, inamruhusu Mtanzania kuingia Kenya bila viza, lakini mwanafunzi anahitaji kibali cha mwanafunzi, na kibali hicho kinahuishwa kwa barua ya chuo. Asiyesajiliwa hana barua. Cha kwake kikaisha muda. Tangu hapo akawa mtu wa kujificha: anavuka upande mwingine wa barabara akiona polisi, hatoki usiku hata kununua mkate, na Krismasi hakwenda nyumbani kwa kuogopa dirisha la Namanga. Alimwambia mama yuko kwenye mafunzo kazini.

Aliyefumbua kisa ni mwanamke wa kikoba. Yeye pia mwanawe alisoma Nairobi, akamwambia mama: "Mwambie akufungulie ukurasa wake wa chuo, akupigie picha ya taarifa ya ada. Ni kitu cha dakika moja." Mama akaomba. Tovuti haifunguki. Akaomba tena. Nimesahau nywila. Mara ya tatu hakuomba. Alipanda shuttle ya asubuhi, kilomita 270 hivi, na mchana alikuwa Kangemi na kitenge chake na kifurushi cha dagaa, akimpigia simu kutoka kibandani.

Kijana alishuka ngazi na kumkuta amekaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa." Mama akaagiza chai mbili. "Chuo wanakudai shilingi ngapi?"

Akaanza kueleza habari za usiku ule, watu wa meza ya jirani, glasi. Mama akainua mkono.

"Sijakuuliza nani kakuibia. Nimeuliza wanakudai ngapi."

"Laki moja na themanini elfu. Za Kenya."

Mama akafungua kikokotoo kwenye simu yake, akazidisha, akaitazama namba, akailaza simu kifudifudi. "Mtihani wa mwisho umefanya lini?"

"Desemba. Ya mwaka juzi."

Mwenye kibanda aliacha kukanda chapati. Mama akanywa chai yake yote kabla ya kusema. "Ungeniambia Jumamosi ile ile, elfu tisini tungezilia, wewe kule na mimi huku, tukazimaliza. Huu mwaka mzima uliokuwa unaniambia umekula, umesoma, umefaulu, nitaulipa na nini?"

Hakulia, wala hakumpiga. Kesho yake walikwenda wote wawili chuoni. Mlezi wa wanafunzi aliwasikiliza na kusema jambo lililomuumiza kijana kuliko yote: kama angefika ofisini Januari ya mwaka uliopita, angeandikiwa barua ya kulipa kwa awamu. Sasa aliweza kupewa ahirisho tu, na akirudi ataanza upya kwenye mitihani aliyoikosa, deni likiwa limelipwa. Kutoka hapo wakaenda Nyayo House, kwenye ofisi za uhamiaji, kueleza habari ya kibali kilichokwisha. Kisha wakarudi Arusha. Leo yuko Kilombero nyuma ya meza ya dagaa, anaamka saa kumi alfajiri kupokea magunia, na mkopo wa kikoba bado haujaisha.

Mzazi, makato ya benki ni kitu kidogo. KCB na Equity zina matawi Tanzania na Kenya. Ingia tawini na nambari ya akaunti ya chuo na nambari ya usajili ya mtoto wako, lipa moja kwa moja, na risiti ikae nyumbani. Hela ya chakula itume peke yake, wiki kwa wiki, usiitume ya muhula mzima. Fanya taarifa ya ada kuwa jambo la kawaida kati yenu tangu muhula wa kwanza, kama salamu, ili siku utakapoiomba isionekane kuwa ni shutuma. Na kabla hajapanda basi mwambie kwa kinywa chako kwamba akiibiwa, akipoteza, hata akizitumia kwa ujinga, anaweza kukupigia siku hiyo hiyo na utampokea. Watoto wetu wengi wanajua tutakasirika. Hawana hakika kama baada ya hasira tutawasaidia, na hakika hiyo ndiyo aliyoikosa kijana huyu siku ile aliyotembea kutoka Kilimani hadi Kangemi akitafuta la kusema.

Nawe mwanafunzi, tembea. Nenda Arboretum, nenda Archives, panda Ngong na wenzako, kaa Jeevanjee usikilize watu. Ukienda Westlands usiku, nenda na hela ya usiku ule kwenye laini nyingine, funika nambari yako ya siri, usirudie glasi uliyoiacha, na ukipungukiwa mezani sema wazi kwamba huna; rafiki wa kweli hataondoka kwa sababu hiyo. Na kama sasa hivi, unaposoma haya, kuna ada ambayo mama anadhani umeilipa na hujailipa, usingoje Jumatatu. Mpigie leo umwambie ni shilingi ngapi, kisha kesho asubuhi uingie ofisi ya mlezi wa wanafunzi.